Samatta na Njia ya Shaba

Katikati ya karne ya 19, kijana wa Unyamwezi aliyetaka kuhesabiwa mwanamume hakukaa kijijini akisubiri mahari imwangukie. Alijitwika mzigo akaingia njiani. Wengi walishuka na pembe za ndovu hadi Bagamoyo, wakarudi na vitambaa, shanga na masimulizi ya bahari. Lakini walikuwapo walioelekea machweo. Hao walivuka Malagarasi, wakalipita Ziwa Tanganyika, wakaenda hadi Katanga walikosikia kuna shaba.

Anayekumbukwa zaidi kati yao ni Msiri. Baba yake, Kalasa, alikuwa mfanyabiashara Msumbwa wa magharibi ya Unyamwezi aliyeizoea njia ya Katanga. Mwana hakuishia kwenye biashara. Katika miaka ya 1850 alipiga kambi huko moja kwa moja, akajenga dola la Garenganze lenye makao Bunkeya, na watu wake wakajulikana kuwa Bayeke. Alitawala mpaka tarehe 20 Desemba 1891, alipopigwa risasi na ofisa wa msafara wa Stairs uliotumwa kwa ajili ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji.

Huku nyuma njia ilikuwa na mwenyewe. Kuanzia Urambo, Mtemi Mirambo aliishika barabara ya Tabora kwenda Ujiji, na mwaka 1871 alipokosana na Waarabu wa Tabora aliifunga. Stanley, aliyekuwa mbioni kumtafuta Livingstone, aliingia vitani upande wa Waarabu, akaona cha moto, kisha ikambidi azunguke kusini ndipo aifikie Ujiji. Mirambo alifariki Desemba 1884. Urambo ya leo ni nchi ya tumbaku, wilaya ya mkoa wa Tabora, na reli ya kwenda Kigoma inapita papo hapo.

Naanzia mbali hivi kwa sababu. Habari za Mbwana Samatta, mshambuliaji mkubwa kuliko wote waliotoka Tanzania, huwa zinasimuliwa kana kwamba njia ya Ulaya huanzia uwanja wa ndege wa Dar es Salaam na kuvuka bahari. Yake haikuanzia hapo. Sidai kwamba ana damu ya Kinyamwezi. Ni mtoto wa Mbagala. Ila mwaka 2011, miaka 120 baada ya kifo cha Msiri, alipoamua kuondoka nyumbani, aliipa bahari kisogo akaenda Katanga. Kwa maoni yangu uamuzi huo, kuliko hata kipaji chake, ndio uliomtenga na washambuliaji wengine hodari tuliowahi kuwa nao.

Samatta alizaliwa Desemba 1992. Baba yake, Ally Samatta, naye alikuwa mchezaji aliyefika hadi timu ya taifa, kwa hiyo mpira haukuingia nyumbani kwao kama mgeni. Alianza kwenye viwanja vya vumbi vya Mbagala, akapita Mbagala Market, timu iliyokuja kuitwa African Lyon, na mwaka 2010 Simba wakamchukua. Hakuwa na mwili wa kutisha. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye mbio, na alikuwa na tabia moja ambayo makocha wengi hushindwa kuifundisha: alijua mpira utaangukia wapi kabla beki hajajua. Simba hakukaa hata misimu miwili.

Kilichomtoa ni droo ya Ligi ya Mabingwa Afrika ya mwaka 2011, iliyowakutanisha Simba na TP Mazembe ya Lubumbashi, bingwa mtetezi. Na hao hawakuwa mabingwa wa kawaida. Miezi michache nyuma, Desemba 2010, walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali ya Kombe la Dunia la Klabu, baada ya kuwatoa Internacional ya Brazil, na wakafungwa na Inter Milan 3-0. Simba walipigwa 3-1 Lubumbashi, wakapigwa tena 3-2 Dar es Salaam. Jumla 6-3. Kimahesabu Simba walikuwa nje, lakini Mazembe walirudi kwao wakiwa wameandika jina la kinda mmoja kwenye daftari.

Mkasa haukuishia hapo. Mazembe walikuja kuondolewa mashindanoni kwa kumchezesha Janvier Besala Bokungu kinyume cha kanuni, na Simba, kama marehemu aliyeamkia kaburini, wakaitwa tena kucheza na Wydad Casablanca mechi moja ya mtoano mjini Cairo. Wakalala 3-0. Mashabiki wa Simba wa umri fulani bado huizungumzia mechi hiyo kwa uchungu. Cha kudumu kilichotoka katika sakata lote lile ni usajili: Samatta alikwenda Lubumbashi, pamoja na Mganda Patrick Ochan ambaye naye alikuwa Simba. Mtanzania mwingine, Thomas Ulimwengu, akajiunga nao mwaka huohuo.

Wakati ule wapo waliomwona kapotea. Kongo? Kijana mwenye kipaji angoje Ulaya imwite! Fikra hizo zilikuwa na mizizi. Mfano uliokuwa vichwani mwa watu ni wa Sunday Manara, yule "Computer" wa Yanga, aliyekwenda kuchezea Heracles ya Uholanzi mwishoni mwa miaka ya 1970. Manara alipaa kutoka Dar es Salaam akatua Ulaya, basi kila mzazi na kila kiongozi wa klabu akadhani ndivyo inavyokwenda: unang'ara Kariakoo, kwa Simba au Yanga, mzungu anakuja na mkataba. Miaka thelathini na kitu ikapita na wazungu hawakuja kwa wingi.

Mazembe waliwapa wachezaji kitu ambacho Dar es Salaam haikuwa nacho. Klabu hiyo ilianzishwa mwaka 1939 na wamisionari Wabenedikto, ikatwaa ubingwa wa Afrika mwaka 1967 na 1968, na chini ya Moïse Katumbi ikawa na fedha za mji wa migodi: uwanja wake yenyewe, ndege, mishahara inayofika kwa wakati, na wachezaji kutoka Zambia, Ghana, Ivory Coast na kwingineko. Samatta aliwakuta akina Rainford Kalaba na Robert Kidiaba, yule kipa aliyeshangilia mabao kwa kurukaruka chini kwa makalio. Kila mwaka kulikuwa na mechi za Afrika, ugenini Algiers, Tunis, Omdurman, mbele ya mashabiki wasiomjua wala kumwonea haya. Na kwa mtoto wa Mbagala kulikuwa na nafuu nyingine: Lubumbashi wanazungumza Kiswahili. Ni Kiswahili chao, kilichochanganyika na Kifaransa na lugha za migodini, lakini mtu haulizii chumvi kwa ishara. Misafara ya zamani ilikuwa miongoni mwa walioifikisha lugha hiyo huko.

Alikaa karibu miaka mitano. Hapa ndipo wasimuliaji wengi hupita haraka wakiikimbilia Uingereza, na hapa ndipo mtu alipotengenezwa. Mwaka 2013 alionja uchungu wa kupoteza fainali ya Kombe la Shirikisho mbele ya CS Sfaxien ya Tunisia. Mwaka 2015, chini ya kocha Mfaransa Patrice Carteron, timu ikaiva. Nusu fainali waliwatoa Al-Merrikh ya Sudan. Fainali ya kwanza, Algiers, waliwafunga USM Alger 2-1, Samatta akiwa na bao lake kwa penalti. Marudiano yalichezwa Lubumbashi tarehe 8 Novemba. Matokeo yalikuwa bado 0-0 na Waarabu wakihitaji mabao mawili, mwamuzi akaashiria penalti robo saa kabla ya mwisho. Aliyeuchukua mpira ni yuleyule. Penalti ya fainali ya Afrika ukiwa kwako ni ngumu kuliko ya ugenini, maana ukikosa huna pa kujificha kesho yake. Aliipachika. Roger Assalé akaongeza la pili, na Mazembe wakawa mabingwa kwa mara ya tano.

Samatta alimaliza mashindano na mabao 7, sawa na Bakri Al-Madina wa Al-Merrikh, juu ya orodha ya wafungaji. Tarehe 7 Januari 2016, mjini Abuja, akatajwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara: pointi 127, Kidiaba 88, Baghdad Bounedjah wa Algeria 63. Hakuna mchezaji wa Afrika Mashariki aliyewahi kuipata tuzo hiyo kabla yake. Kabla mwezi haujaisha alikuwa Ubelgiji, amesaini Genk.

Genk nao ni mji wa migodi, jambo ambalo sijaona likitajwa sana kwetu. Ulikuwa mji wa makaa ya mawe, na klabu yenyewe ilizaliwa mwaka 1988 kwa kuunganisha timu mbili za vitongoji vya migodi, Winterslag na Waterschei, wakati migodi hiyo inafungwa. Kijana alitoka kwenye shaba akaingia kwenye makaa.

Alikuwa na miaka 23. Umri huo una maana yake, na ili kuuona vizuri nitamleta mtu wa mbali. Ivan Perišić alizaliwa Split, Croatia, mwaka 1989, akalelewa na Hajduk ya mji wake. Akiwa na miaka 17 alikwenda Sochaux ya Ufaransa, safari ya gari ya siku moja. Sochaux hakupata nafasi kwenye timu kubwa. Akapelekwa kwa mkopo Roeselare, timu ndogo ya Ubelgiji, kisha Club Brugge wakamnunua. Msimu wa 2010/11 alifunga mabao 22, akawa mfungaji bora wa ligi ya Ubelgiji, na kiangazi cha 2011 Borussia Dortmund wakamchukua akiwa na miaka 22. Baadaye alifunga kwenye fainali ya Kombe la Dunia ya mwaka 2018.

Basi katika mwaka uleule mmoja, 2011, Mkroatia anamaliza kazi Ubelgiji na Mtanzania ndiyo kwanza anaelekea Lubumbashi. Croatia haifiki watu milioni nne. Mkoa wa Tabora peke yake unakaribia idadi hiyo. Wenzetu wana ngazi iliyokwisha kusimikwa: shule ya mpira, klabu kubwa ya mji, ligi ya jirani, kisha ligi kubwa. Perišić alipojikwaa Sochaux palikuwa na daraja la chini la kusimamia. Mtanzania akijikwaa kwenye majaribio Ulaya hurudi Mbagala, na magazeti humsahau wiki inayofuata. Samatta alijitengenezea daraja Katanga, na gharama yake ilikuwa miaka mitano.

Ubelgiji alichukua muda kidogo kuzoea baridi na mabeki wenye mabega, ingawa mwezi uliofuata tu alikwisha kuwafunga Club Brugge. Kilele kilikuwa msimu wa 2018/19. Agosti aliwapiga Brøndby ya Denmark mabao matatu katika mechi moja ya Europa League; ligini alifikisha mabao 23; Genk wakatwaa ubingwa chini ya Philippe Clement, na yeye akapewa Kiatu cha Ebony, tuzo ya mchezaji bora mwenye asili ya Afrika katika ligi ya Ubelgiji. Kiangazi hicho akiwa nahodha aliiongoza Taifa Stars kwenye AFCON ya Misri, ya kwanza kwa Tanzania tangu 1980. Tulifungwa mechi zote tatu. Ile ya Kenya, 3-2, yeye na Simon Msuva walifunga, na bado inauma kuliko zile mbili nyingine.

Septemba 2019 akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi ya Mabingwa Ulaya, usiku ambao Salzburg waliwafunga Genk 6-2 na kijana aitwaye Erling Haaland akafunga matatu. Samatta naye alipata lake, ila nani angelikumbuka? Lililokumbukwa ni la Novemba 5, Anfield. Kona, kichwa, wavu. Liverpool, mabingwa wa Ulaya, 1, Genk 1. Liverpool walishinda baadaye 2-1, lakini soko lilikuwa limeshaona.

Januari 1, 2020 mshambuliaji wa Aston Villa, Mbrazili Wesley, aliumia vibaya goti. Kabla dirisha dogo halijafungwa Samatta alikuwa Birmingham. Februari 1 alianza mechi ya kwanza ya Ligi Kuu ya England, ugenini Bournemouth, akafunga kwa kichwa. Mtanzania wa kwanza kucheza ligi hiyo, na wa kwanza kufunga.

Kisha ikaja Machi 1, Wembley, fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City. Huku kwetu ilikuwa Jumapili usiku. Machi Urambo ni wakati wa mabani ya kukaushia: tumbaku imevunwa, imetundikwa, moto unalindwa usizime wala usizidi, na mtu wa zamu hana ruhusa ya kwenda mbali. Wengine wote wanaoweza huwa kibanda umiza wakitazama mpira. Anayekijua kibanda umiza cha mji wa tumbaku hahitaji kuelezwa: mabenchi ya mbao yaliyobanana, turubai mlangoni, harufu ya moshi kwenye mashati, mwenye kibanda akikusanya chenji hata wakati wa kona. City walikuwa mbele 2-0. Dakika ya 41, saa mbili na dakika chache za usiku kwa saa zetu, El Ghazi alikata krosi, na Samatta akajirusha mbele ya mabeki, kichwa chini, wavuni. Matokeo hayakubadilika tena, 2-1, Villa wakapoteza. Lakini Mtanzania alikuwa amefunga kwenye fainali Wembley.

Siku chache baadaye korona ikasimamisha ligi. Iliporudi, viwanja vitupu, Villa walikuwa wakipigania kutoshuka, wanacheza kwa hofu, mipira haimfikii mshambuliaji. Alimaliza na mechi 14 za ligi na bao lile moja la Bournemouth. Villa walinusurika siku ya mwisho kwa pointi moja, na Septemba wakampeleka Fenerbahçe. Wapo wanaosema alishindwa England. Mimi nasema miezi sita, mitatu yake bila mpira, haitoshi kumhukumu mtu. Ila ni kweli pia kwamba hiyo ndiyo hatua pekee aliyoingia ghafla, kuziba pengo la mtu, bila muda wa kuzoea.

Yaliyofuata nitayataja tu: Uturuki, Antwerp kwa mkopo, akarudi Genk msimu wa 2022/23, PAOK ya Ugiriki alikotwaa ubingwa wa 2023/24, na mwaka 2025 Le Havre ya Ufaransa.

Na Tabora? Mkoa wenye jina la Mirambo kwenye midomo ya kila mtu uliwahi kuwa na timu ya Milambo kwenye ligi kubwa, kisha Rhino Rangers ya wanajeshi iliyopanda na kushuka. Mwaka 2023 ukapata Kitayosce, timu yenye chimbuko Kilimanjaro iliyohamia Tabora. Mechi yake ya kwanza ya Ligi Kuu, Agosti 2023 dhidi ya Azam pale Chamazi, ni ya kusimulia wajukuu. Kwa matatizo ya usajili iliingia uwanjani na wachezaji wanane. Feisal Salum alifunga matatu, ikawa 4-0, wawili wa Kitayosce wakaumia, wakabaki wachache kuliko kanuni inavyoruhusu, na mechi ikavunjika yapata dakika ya 15. Muda si mrefu klabu ikabadili jina kuwa Tabora United.

Timu hiyohiyo, tarehe 7 Novemba 2024, iliwafunga Yanga 3-1 palepale Chamazi. Offen Chikola alifunga mawili. Wiki iliyofuata Yanga wakamfukuza kocha Miguel Gamondi, na mwaka 2025 Chikola mwenyewe akasajiliwa na Yanga haohao, huku Tabora United ikigeuka TRA United chini ya Mamlaka ya Mapato. Mchezaji wa mikoani akifunga mabao mawili bado mtu wa kwanza kumjia ni wa Kariakoo, na Kariakoo bado humtosha.

Vijana wachache wameanza kuisoma ramani ya Samatta. Kelvin John wa Morogoro, aliyeng'ara na Serengeti Boys kwenye AFCON ya vijana ya 2019, alikwenda kusoma na kucheza Leicestershire, Uingereza, akasubiri atimize miaka 18 kama FIFA inavyotaka, na Juni 2021 akasaini Genk. Samatta aliporudi huko kwa mkopo mwaka uliofuata, walikuwa Watanzania wawili kwenye klabu moja ya mji wa makaa ya mawe. Kelvin hakupata nafasi ya kudumu kikosini, na mwaka 2024 akahamia AaB ya Aalborg, Denmark, akiwa na miaka 21, mmoja pungufu ya umri ambao Perišić alikwenda nao Dortmund.